Neno ninaloliruka

Mimi ni dereva wa watalii. Naishi Karatu, huu ni mwaka wa kumi na saba nashika usukani wa Land Cruiser, na nyani wa geti la Lodoare nadhani wananijua kwa sura. Wakiona gari langu hawajisumbui, wanajua vioo vimefungwa na ndizi nimeshaficha.

Pale ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, sehemu ya kutazamia, kila dereva ana hotuba yake. Yangu ni ya dakika nne. Naanza na volkano: mlima mkubwa ulioporomokea ndani yake wenyewe zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita, ukaacha bakuli lenye kina cha mita 600 na sakafu ya kilometa za mraba 260 hivi. Naonyesha Ziwa Magadi linavyong'aa, msitu wa Lerai, na vidoti vyeusi ambavyo mgeni hudhani ni vichaka mpaka nimpe darubini aone ni nyati. Namalizia na kipande wanachokipenda kuliko vyote, kwamba hapa si hifadhi ya taifa kama Serengeti, hapa ni eneo la aina yake ambapo tangu 1959 Mmaasai na ng'ombe wake wanaishi pamoja na simba na nyumbu. Hapo lazima mtu mmoja aseme "aaah" kwa sauti ya chini. Nimeitoa hotuba hiyo kwa Kiingereza na kwa Kijerumani, kwenye jua na kwenye ukungu ambao hata kreta yenyewe hatukuiona.

Mwaka 2023 mama mmoja, mwalimu mstaafu kutoka Ujerumani, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: hao Wamaasai wanaohama hapa Ngorongoro, niliosoma habari zao gazetini, wanaondoka kwa kupenda wenyewe?

Jibu ninalo. Liko kwenye kila taarifa ya redio: wanahama kwa hiari. Neno lake la Kijerumani nalijua pia. Nikafungua mdomo, na papo hapo redio ya gari ikakoroma, mwenzangu yuko chini karibu na Lerai, kamwona faru. Nikasema jamani twendeni kabla hajaingia msituni. Faru tulimkuta. Mama wa watu akafurahi, swali likapotea njiani. Mimi usiku ule nilikuwa macho, maana wiki mbili kabla nilikuwa nimesimama kando ya lori nikimsaidia mdogo wangu wa kike kupakia masufuria.

Sisi ni Wairaqw, watu wa jembe. Mdogo wangu aliolewa Oloirobi, kwa Wamaasai, mwaka 2005, mke wa pili, na nyumbani kulikuwa na maneno. Bibi yetu mzaa baba hakuhudhuria. Yeye bado alikuwa na hesabu za ng'ombe walioibwa kabla ya uhuru na alizijua kwa rangi zao.

Kitu cha kwanza alichojifunza kule ni kujenga. Kwa Wamaasai nyumba hujengwa na mwanamke, na ikishasimama ni yake. Mume ana boma, ana ng'ombe, ana sauti kwenye mkutano, lakini enkaji ni ya mke na mume huingia humo kama mtu aliyekaribishwa. Nilimkuta siku moja akikandika. Alikuwa amechanganya samadi mbichi na udongo na majivu kidogo, anachota kwa kiganja, anapaka kuanzia chini kwenda juu, anarudi na ncha za vidole kuziba nyufa. Mkono mmoja tu. Ule wa pili alikuwa amembeba mtoto. Oloirobi ni mahali pa baridi, jina lenyewe maana yake ni hiyo, na mvua ikinyesha usiku ndiye anayetoka na samadi mpya kuziba panapovuja. Nikamtania kwamba mama akimwona atalia. Akaniambia, "Kaka, wewe unaishi kwenye nyumba ya baba. Mimi nina yangu."

Jembe ndilo lililomtoa machozi. Kilimo ndani ya eneo la hifadhi kilipigwa marufuku 1975, kikaruhusiwa kidogo kidogo 1992, kisha 2009 kikafungwa tena. Mdogo wangu alikuwa na kitalu cha maharage na viazi nyuma ya boma, hakizidi ukubwa wa chumba cha darasa, ana miaka minne anakihudumia. Akaambiwa ang'oe. Kuanzia hapo mahindi yote yakawa yanatoka kwetu Karatu, na mpandishaji mkuu nikawa mimi: magunia mawili juu ya gari nikienda kuchukua wageni, wageni wenyewe wasijue walichokalia. Mtoto wa mkulima, analetewa unga kama mgonjwa. Alisema hivyo yeye mwenyewe, akicheka.

Sasa kuhusu hiyo "pamoja" ya kwenye hotuba yangu. Nilidhani naielewa mpaka nilipotembea na shemeji yangu wiki nzima mwezi Februari, msimu ulipokuwa mbovu na gari liko gereji.

Mwisho wa Januari hadi Machi nyumbu huzaa kwenye nyanda za chini, upande wa Ndutu na Oldupai hadi Olbalbal. Wageni hulipa vizuri kuona hayo. Wakati huo ndipo majani ya kule chini yanapokuwa mazuri kuliko mwaka mzima, mafupi, yenye madini, ng'ombe akiyala maziwa yanaongezeka. Na ndipo Mmaasai anapoondoa ng'ombe wake. Ndama wa nyumbu ana ugonjwa usiomdhuru yeye, ila ukimpata ng'ombe macho yanafunga utando mweupe, homa inapanda, na hapo hakuna dawa. Wazee wanasema unatoka kwenye kondo la nyuma lililoachwa majanini. Madaktari wa mifugo wanasema ni makamasi na machozi ya ndama. Vyovyote iwavyo, nyumbu wakiteremka ng'ombe wanapanda. Wanapanda milimani kwenye baridi na kupe, wanangoja hadi ndama wa nyumbu wakue, ndipo wanarudi kula mabaki. Shemeji alinionyesha kwa fimbo, amesimama Malanja: huku tunakaa mwezi huu, kule mwezi ule, na pale pa katikati hatugusi, pale ni pa ukame. Hakuna ramani yoyote aliyoitumia. Akaniambia, "Shemeji, sisi na nyumbu tunapishana kama watu wa zamu."

Kwa hiyo ukimwambia mtu wa zamu kwamba huku ni marufuku, na kule pia, zamu imekufa. Ng'ombe wanabaki mahali pamoja mwaka mzima, majani yanaisha, kisha anakuja mtaalamu na kamera anapiga picha udongo mwekundu, anaandika kwamba mifugo imeharibu mazingira. Sisemi hakuna uharibifu. Nimeuona kwa macho yangu. Nasema nimeona pia ulikoanzia.

Na marufuku hazikuja kwa siku moja. Serengeti ilipotangazwa hifadhi ya taifa 1951 watu walikuwamo. Ukipita na wageni Moru, ndani kabisa ya Serengeti, utawaonyesha ngao zilizochorwa juu ya mwamba kwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi, mikono ya moran. Mwaka 1958 wazee kumi na wawili waliweka alama zao kwenye karatasi ya kukubali kuondoka Serengeti, na mwaka uliofuata eneo la Ngorongoro likatengwa, kilometa za mraba 8,292, wakae humo. Gavana wa wakati ule aliliambia baraza la Wamaasai kwamba maslahi ya wanyama na ya wakazi yakigongana, ya wakazi yatatangulia. Maneno hayo wazee wa Oloirobi wanayo kichwani kama Mkristo alivyo na Baba Yetu, na wengi wao hawajui kusoma.

Koko, mama yake shemeji, yeye aliolewa chini, ndani ya kreta. Aliishi humo hadi 1974. Nimemuuliza mara nyingi habari za siku ile kwa sababu kila mara anaongeza kitu. Askari walifika alfajiri na magari. Vitu vikatolewa nje, vikapandishwa, vikatupwa kando ya barabara huku juu. Yeye alikuwa na mimba kubwa. Anachokikumbuka zaidi ni kibuyu chake cha maziwa kilichopasuka, anakizungumzia kuliko nyumba. Wazungu wawili, ndugu, Wajerumani, waliwahi kufanya ukulima na ufugaji humohumo kretani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na magofu ya nyumba yao bado yapo upande wa mto Munge. Magofu hayo mimi huwaonyesha wageni. Kwa Koko hakuna cha kuonyesha, samadi na fito vilisharudi ardhini.

Hata baada ya 1974 ng'ombe waliendelea kuteremka kwa mchana, kunywa maji na kulamba chumvi. Njia yao ilikuwa Seneto, ileile tunayoteremka nayo sisi. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa nasimama kupisha makundi, wageni wanapiga picha, kengele zinalia, vumbi tupu. Kisha mwishoni mwa 2016 ikatoka amri: mifugo isishuke tena. Leo gari langu linashuka Seneto kwa dola 295, kodi ikiwa ndani, na msimu wa Agosti tunaweza kujipanga magari thelathini kwa simba mmoja aliyelala chali. Ng'ombe hana dola 295.

Hapa inabidi nijisute kidogo. Mkopo wa gari langu unalipwa na hizo dola. Watoto wangu wamesoma kwa bakshishi. Na sisi watu wa Karatu tunakunywa maji yanayotoka kwenye ule msitu wa juu, kahawa ya Oldeani inaishi kwa ukungu wake. Msitu ukifyekwa tunakauka sisi, si mtu wa Dar es Salaam. Mama yangu aliwahi kunyang'anywa panga na askari wa msitu kwa ajili ya kuni mbili tatu kavu, akamtukana yule kijana Kiiraqw chote anachokijua, na jioni yake akatuambia: lakini bila hao vijana msitu ungekuwa umekwisha. Serikali nayo ina hesabu zake. Mwaka 1959 walihesabiwa watu kama 8,000 ndani ya eneo lile, sasa ni zaidi ya laki moja. Hesabu hiyo haiwezi kupuuzwa na mtu mwenye akili. Shemeji mwenyewe haipuuzi. Anachouliza ni kwa nini ikifika kwenye kupunguza, hakuna anayeanza na hoteli za ukingoni.

Ukame wa 2021 na 2022 ndio uliommaliza. Alikuwa na ng'ombe tisini na kitu, akabaki na ishirini na nane. Nilikuwa napita na wageni barabarani naona mizoga, naongeza mwendo.

Wakati huohuo, Juni 2022, malori ya kwanza ya serikali yalikuwa yameanza kupeleka watu wa Ngorongoro Msomera, wilaya ya Handeni, mkoa wa Tanga. Mwezi uleule kule Loliondo, jirani zetu wa kaskazini, kilometa za mraba 1,500 zilikuwa zikiwekewa vigingi ili zitengwe kwa wanyamapori, na kwenye vurugu zake askari polisi mmoja akafa na wafugaji wakakimbilia Kenya na majeraha. Hayo ya Loliondo yana mashahidi wake, mimi sikuwepo. Niliyokuwepo ni ya Oloirobi.

Shemeji alijiandikisha 2023. Naomba nieleze vizuri, kwa sababu hapa ndipo neno langu lilipo. Hakuna aliyemshikia bunduki. Hakuna aliyemtukana. Walikuja watu wa heshima, wana fomu, wakamweleza: nyumba ya vyumba vitatu, kiwanja cha ekari 2.5, shamba la ekari 5, hati, fidia, usafiri bure wa watu na mifugo. Akasaini.

Ila kabla ya fomu: choo cha shule ya watoto wake kilikuwa kimetitia, na kukijenga upya kulihitaji kibali, maana mfuko wa saruji haupiti getini hivihivi. Zahanati ukienda unaandikiwa dawa ukanunue Karatu. Ndege ndogo za tiba zilizokuwa zikitua vijijini tangu sijaanza udereva zilisimamishwa 2022. Jembe marufuku. Kreta marufuku. Ng'ombe wamekufa. Ndipo fomu ikaja na kuuliza kama unapenda.

Tulifundishwa shuleni kwamba hiari yashinda utumwa. Mwalimu alitupa mfano wa punda, nadhani, sikumbuki vizuri. Nimeligeuza neno hilo kichwani kwa Kiingereza na kwa Kijerumani, kila lugha linasimama vizuri tu. Tatizo linaanza nikimfikiria shemeji.

Na kuna jambo jingine dogo ambalo mwanzoni hata mimi lilinipita. Fomu ilikuwa na nafasi ya mkuu wa kaya. Kaya moja, nyumba moja. Shemeji ana wake wawili na kila mmoja ana enkaji yake aliyoijenga kwa mikono yake. Siku ya kuondoka zote mbili zilivunjwa, ndio utaratibu, usije ukachukua nyumba ya Handeni ukarudi kwenye ya zamani. Mdogo wangu alisimama kando amekunja mikono. Bi mkubwa alikaa chini akageuka upande wa pili mpaka kelele zikaisha. Koko aligoma, akahamia kwa mwanawe mwingine, boma la tatu kutoka pale. Alisema yeye ameshapakiwa kwenye gari mara moja, inatosha.

Nilikwenda Msomera Aprili 2024, mvua za masika, hakuna wageni. Basi hadi Korogwe, gari dogo hadi Handeni, kisha bodaboda, matope hadi magotini. Cha kwanza kilichonipokea ni joto. Cha pili ni mstari wa nyumba zinazofanana, bati kwa bati, nikawa napiga simu, "Toka nje upunge shuka nikuone."

Mdogo wangu amenenepa. Amelima. Naomba hilo lisomwe kama nilivyoliandika: amelima, mahindi yalikuwa yamenipita kimo, na alinitembeza kwenye zile ekari kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga. Shule iko karibu, bomba la maji liko karibu, mtoto wake wa pili anasoma na taa usiku. Aliyeniambia kwamba Msomera ni jehanamu hajakaa na mdogo wangu.

Shemeji amekonda. Ng'ombe wanane walikufa kwa ndigana ndani ya miezi mitano ya kwanza. Kupe wa kule hawakuzoeana nao, alivyosema. Wengine alishawarudisha kwa kaka yake Oloirobi kimyakimya. Asubuhi alikuwa anasimama na fimbo yake mbele ya nyumba, anatazama, kisha anakaa. Kule kwao angeshakuwa kilometa tano. Jirani mmoja, mfugaji wa hapohapo Handeni ambaye amezaliwa pale, alipita akasalimia vizuri, akanywa chai, akasema bila ugomvi wowote kwamba lile shamba la mahindi lilikuwa malisho ya baba yake. Shemeji akamjibu, "Pole." Alijua la kusema, ameambiwa neno hilo yeye mara nyingi.

Jioni mdogo wangu alitoa hati. Ameiweka ndani ya mfuko wa nailoni, nailoni ndani ya sanduku, sanduku chini ya kitanda. "Soma jina, kaka." Nikasoma jina la mumewe.

"Kule nilikuwa na nyumba," akasema. "Hapa nakaa kwa mtu."

Hakusema kwa uchungu, alisema kama mtu anayetaja bei. Kisha akanitoa nje kuniongoza nyuma ya nyumba ya matofali, kwenye giza, na simu yake ikimulika. Alikuwa ameanza kusimamisha fito. Duara dogo, la mwinuko wa kifuani. Anasema ni jiko, majirani pia ameshawaambia ni jiko. Lakini mlango wake unaingia kwa kupinda, na ndani kulia ameacha nafasi ya ndama, na jiko gani lina nafasi ya ndama. Nikainama kuingia kabla hajaniambia. Tukakaa humo, mikono yake inanuka samadi, tukaongea habari za mama na magoti yake.

Bi mkubwa sikumkuta. Alikaa miezi mitatu kwenye chumba kimoja kati ya vile vitatu, kisha akapanda basi akarudi kwa Koko. Getini Lodoare akaulizwa yeye ni mkazi wa wapi. Akasema hapa. Wakamwuliza, hapa wapi.

Nilimwona tena Agosti, na hilo sikulitarajia kabisa. Tarehe 18 Agosti 2024 nilikuwa na familia ya watu wanne, tumetoka Karatu asubuhi kwenda Serengeti, barabara ikawa imefungwa. Si kwa magogo, kwa watu. Maelfu ya watu wa Kimaasai wamekaa na wamesimama barabarani, mashuka mekundu na ya bluu, wanawake wengi kuliko wanaume, wengine wameshika majani mkononi, na majani kwao ni amani. Walikuwa wamegundua kwamba kwenye orodha ya wapigakura wengi wao wamehamishiwa Msomera wakati miguu yao iko Ngorongoro, na tangazo la serikali la mwezi ule lilikuwa limefuta vijiji vyao vilevile walivyokaa. Hakuna gari la mgeni lililopigwa jiwe pale nilipokuwa. Walitaka tu tusimame, tuwaone.

Bi mkubwa alikuwa mstari wa mbele, shuka la bluu. Akanitambua. Akaja hadi dirishani, nikashusha kioo, tukasalimiana kwa Kimaasai changu kibovu kama vile tumekutana sokoni. Akachungulia wageni nyuma, akawapungia. Akaniambia niwaeleze.

Nikazima injini. Nikageuka nyuma kwenye kiti. Yule baba wa familia akasema aliambiwa Arusha kwamba watu hawa wanahama kwa kupenda wenyewe, sasa kelele ni ya nini? Nikawaambia habari za enkaji mbili na fomu moja. Nikaeleza za saruji. Nikaeleza kibuyu cha Koko. Nilitumia nusu saa, na mara hii lile neno nililiacha kabisa, sikulisema kwa lugha yoyote. Binti yao wa miaka kumi na kitu alikuwa anaandika kwenye daftari. Baba yake alitazama saa mara mbili, na simlaumu, amelipa pesa nyingi.

Siku nne baadaye Mahakama Kuu Arusha ikasimamisha lile tangazo. Serikali ikatuma waziri, akaahidi huduma kurudi. Desemba Rais akakutana na viongozi wa Kimaasai Arusha, akatangaza tume mbili, moja ya mambo ya ardhi, ya pili ya zoezi lenyewe la kuhama kwa hiari. Niliposikia jina la hiyo ya pili kwenye redio nilikuwa nakunywa chai Rhotia, nikajikuta natabasamu peke yangu, mhudumu akadhani namtabasamia yeye.

Hotuba yangu ya ukingoni sasa ina dakika tatu. Volkano nimeiacha kama ilivyo.

Wiki iliyopita mdogo wangu alipiga simu. "Jiko" limekwisha, analikandika mara ya pili kwa sababu udongo wa Handeni unapasuka upesi, inabidi samadi iwe nyingi, na samadi nyingi inataka ng'ombe wengi. Mahindi amevuna magunia ya kutosha na kuuza. Akasema ng'ombe waliobaki wanakula udongo, wanatafuta chumvi, wameizoea ile ya kwao. Za dukani wanazilamba kidogo wanaacha.

Nikaenda mnadani Karatu, nikanunua magadi kilo ishirini, yale ya mabonge ya kijivu, nikayafunga kwenye kiroba mara mbili. Stendi nikampa kondakta wa basi la kwenda Tanga, nikamwandikia namba ya mtu wa kuyapokea Korogwe. Akakinyanyua kiroba kwa mkono mmoja kukipima, akasema elfu kumi, akauliza ndani kuna nini.

"Chumvi ya ng'ombe."

"Handeni hakuna chumvi?"

Nikampa elfu kumi yake. Nilikuwa na gari la kuosha, na wageni wanne wa kreta asubuhi.